Usimpeleke Babu Yako Bungeni Akiwa Nusu

Edna mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, kwa sababu asubuhi nilipompigia nyanya yako nilikusikia ukikohoa kule jikoni, halafu ukanyamaza ulipojua ni mimi. Basi najua uko, na najua bado umenuna. Mimi nami sijambo. Nimechoka tu, uchovu ule ule wa kutandika vitanda vya watu ambao kesho yake hawapo. Leo ni Ijumaa, sina zamu. Wenzangu wa chumba wametoka kununua vitu vya kupika, na hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, jua likianza kushuka vumbi linatua kwenye vioo mpaka huoni basi la kampuni likiingia. Nimepata meza. Nitaandika mpaka warudi, kisha nipige picha kila ukurasa nikutumie, usome kesho ukiwa safarini, mahali ambapo huwezi kunikatia simu.

Mambo ya sweta, na nani atakupokea Nairobi, na kutonunua chakula njiani, nyanya atakuambia. Ameshaniambia atakuambia. Mimi nataka kukuandikia juu ya mheshimiwa wako, huyo mbunge unayekwenda kumfanyia kazi, na juu ya babu yako, kwa sababu wiki ijayo utasimama mbele ya kamati ya bunge kutoa maoni na utawataja wote wawili, na mmoja wao amelala kaburini, hawezi kujitetea.

Najua utasema nimeanza. Siku ile kwenye simu uliniambia, "Mum, umekaa huko sana, umekuwa mtu wa zamani." Nilinyamaza, na si kwamba nilikosa jibu. Nilikuwa kwenye korido ya hoteli na toroli la mashuka, na mgeni alikuwa anapita. Jibu langu ni hili: nina miaka thelathini na tano. Kuna wanawake wa umri wangu huko nyumbani ambao ndio kwanza wanaolewa. Lakini kuna mambo ya zamani yaliyonishika nisianguke, na ninamsikia mheshimiwa wako akiyataja kama takataka za kufagiliwa, na siwezi kumpigia makofi.

Nami niliwahi kuwapigia watu kama yeye. Wewe ulikuwa unatambaa. Alikuja kwetu mgombea mmoja kijana, mwenye maneno matamu, kila sentensi ina mabadiliko. Hata umri wa kura sikuwa nao, lakini nilivaa fulana yake mpaka ikatoboka kwapani, nikaimba nyuma ya gari lake. Babu yako alikuwa ananitazama nikitoka na ile fulana, anasema tu, "Muulize ataondoa nini, na pale alipoondoa ataweka nini." Sikuuliza. Nilimwona mzee wa kijijini asiyejua dunia inakoenda. Yule kijana alipita. Akavunja vibanda vya soko letu ili ajenge soko la kisasa, na mpaka leo pale pana ukuta na nyasi, na wamama wanauza mboga kando ya barabara wakivuta watoto wasigongwe. Umepita hapo maisha yako yote. Ulidhani pamekuwa hivyo siku zote.

Mheshimiwa wako ni tofauti, unasema. Amesoma, hana kashfa, hajala pesa ya mtu. Nakubali. Sina ugomvi na mikono yake, nina ugomvi na fikra zake. Kwake kila jambo ni haki ya fulani. Sijamsikia hata siku moja akisema ni wajibu wa nani kuamka usiku. Anataka bangi iruhusiwe, eti italeta kodi na kazi kwa vijana. Mpeleke basi kwa mjomba wako Joel amkute nyuma ya jiko akiongea na kuku. Joel alikuwa anaongoza darasa. Mheshimiwa atasema Joel ni mgonjwa, apelekwe kituoni. Kituo gani? Kituo cha Joel ni nyanya yako, na nyanya yako anazeeka.

Na usidhani ninawatetea wale wengine wanaojiita watu wa Mungu, wanaokuja kanisani na bahasha mwaka wa uchaguzi. Hao nawajua pia. Lakini wewe huendi kufanya kazi kwa hao.

Sasa kuna kitu sijakuambia. Nimemwona mheshimiwa wako kwa macho. Mwezi uliopita alikuja Doha. Walisema si siasa, ni Wakenya kusalimiana tu, ukumbi wa hoteli moja mjini, Ijumaa baada ya kanisa, maana huku ibada yetu ni Ijumaa. Nilienda na Akinyi, yule rafiki yangu mlinzi wa duka kubwa, tukiwa bado na nguo za ibada. Akinyi aliniambia mlangoni, "Mimi nimefuata pilau. Siasa nitaisikia nikitafuna."

Akaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Hana kelele. Anaongea kama mtu mnayekaa naye meza moja. Akafika kwenye ule mswada wake wa wasichana na kliniki, akasema, "Kuna binti mmoja anajiunga nami hivi karibuni. Mama yake alipata mimba akiwa kidato cha pili. Mnajua baba yake, mzee wa kanisa, alifanya nini? Alisimama mbele ya kanisa zima akasoma jina la mtoto wake mwenyewe. Akamweka benchi la nyuma kama mwenye ukoma. Yule mzee alichagua kanuni, akamwacha mtoto."

Ukumbi ukaguna, kisha wakapiga makofi. Akinyi naye, mdomo umejaa, akanigeukia. "Huyo mzee angekuwa wangu ningemfungia nje ya boma lake mwenyewe."

"Ni baba yangu," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. "Nani?"

"Huyo mzee. Na benchi ni langu."

Akaweka sahani chini ya kiti. "Basi pole, Mama Edna. Sikujua." Akanisogelea sikioni. "Lakini kweli alikusoma?"

"Alinisoma."

"Sasa mheshimiwa amekosea wapi?"

Akinyi aliuliza bila ubaya. Nilisimama nikajiunga na laini ya watu wa kupiga naye picha. Nilipomfikia nikasema, "Mheshimiwa, yule mama wa benchi ni mimi." Machozi yakamlenga, Edna. Sikudanganyi, hakuwa anaigiza. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama, nyinyi ndio mashujaa wetu. Na binti yako ni moto."

"Asante. Lakini ile hadithi haikuishia pale."

"Haikuishia, mama, ndiyo maana tunaleta mswada."

Kijana wake wa kamera akasogea. "Mama, tusemee hiyo ya benchi. Fupi tu."

"Ya benchi ni ndefu," nikasema.

"Fupisha basi, mama. Watu ni wengi kwenye laini."

Nikatoka kwenye laini. Picha sikupiga.

Tukirudi na basi nilijaribu kumchukia, nikashindwa, kwa sababu hiyo hadithi aliyoitumia ilitoka kwangu. Ulikuwa na miaka kumi na nne, umeniuliza kwa nini sikumaliza shule. Nilikuwa Umm Salal, kwa ile familia niliyoifanyia kazi kwanza, na nilikuwa nimekasirikiana na babu yako. Alinikataza kuja Uarabuni, nikaja, hatukuwa tunaongea. Nikakurekodia ujumbe wa sauti nikiwa kwenye chumba cha pasi, kanzu za mabwana zimening'inia pande zote, nikakuambia jinsi alivyosoma jina langu. Nikaishia hapo. Sikusema uongo hata neno moja. Nilikata tu pale paliponifaa. Wewe ukabeba kile nilichokupa, ukakiandika ulipoomba nafasi kwa mheshimiwa, na yeye akakipandisha jukwaani. Kwa hivyo sikulaumu wewe. Ninakupa tu kile nilichobakisha.

Kanisani kwetu unajua viti vya wazee viko mbele, vinatazamana na watu. Siku zile msichana akipata mimba akiwa kwao, jina lake linasomwa na mzee wa zamu, anakaa benchi la nyuma, na haendi mezani pa Bwana mpaka ajifungue na aombewe. Zamu iliangukia kwa babu yako. Mchungaji alimwambia, "Mzee, mpe mwenzako asome." Akakataa. Alisema amesoma mabinti wa watu, hawezi kumruka wake. Akasoma. Sauti yake haikutetemeka, na kwa hilo nilimchukia miaka mingi, kwamba hata haikutetemeka.

Kisha akaikunja ile karatasi, akaiweka mezani, na badala ya kurudi kwenye kiti chake akashuka. Akatembea njia yote ya katikati na lile koti lake la kahawia, watu wakigeuza vichwa, akaja akaketi kando yangu. Mchungaji akamwita kwa upole, "Mzee, kiti chako kiko huku." Babu yako akaegemea. "Mgongo wangu unataka ukuta," akasema.

Benchi la nyuma ndilo pekee lenye ukuta wa kuegemea. Nani angebishana naye?

Jumapili iliyofuata akaketi hapo tena, na nyanya yako akaja naye. Halafu Mama Violet wa kwaya, halafu wengine wawili watatu, kila mmoja na mgongo wake. Sitakupambia. Wengine hawakuja, na maneno yalisemwa kisimani ambayo mpaka leo nayasikia. Lakini sikukaa peke yangu hata Jumapili moja. Na nilipoombewa, wewe ukiwa mgongoni kwangu, nikaruhusiwa kurudi katikati na wenzangu, yeye hakurudi mbele. Viti vya wazee hakuvikalia tena. Alibaki pale pale ukutani, na mimi kwa kiburi changu cha ujana sikumuuliza kwa nini.

Mheshimiwa akilitazama jambo hili anaona kanuni ngumu iliyomponda msichana. Mimi niliyekuwa pale namwona mtu aliyetimiza kanuni yote, halafu akamfuata mtoto wake kule ilikompeleka.

Sehemu nyingine ya hadithi hii hata nyanya haijui. Nakuandikia kwa sababu sasa wewe ni mwanamke mzima, na kwa sababu unakwenda kuzungumzia jambo hili hili mbele ya watu. Kabla sijamwambia babu yako, nilikwenda kliniki moja ya mjini, mbali na kwetu, na sare ya shule nimeificha ndani ya mfuko. Nilitaka waitoe. Wewe, Edna. Nilitaka wakutoe. Muuguzi mmoja mnene mwenye viatu vya mpira akaniuliza umri. Nikasema. Akafunga kalamu yake.

"Wewe ni mtoto wa shule. Mimi sikugusi mzazi asipojua. Nenda ulete mama yako au baba yako."

"Wataniua."

"Watakasirika," akasema. "Nenda."

Nilimtukana moyoni njia nzima. Lakini nilienda nyumbani, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda, na babu yako ndiye niliyemkuta amekaa nje akichonga mpini wa jembe. Nikamwambia. Aliendelea kuchonga kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umekula?"

Mswada wa mheshimiwa unasema yule muuguzi alikosea. Unasema msichana wa miaka kumi na sita aingie, atie sahihi, atoke, na nyumbani wasijue lolote. Mwanangu, mimi wa siku ile ningetia sahihi hata kabla hajamaliza kunieleza. Ningetia sahihi kitu chochote duniani ili baba asijue. Na baba alipojua, aliniuliza kama nimekula.

Sikuandikii haya ili uone kuzaliwa kwako ni fadhila ya kunilipa. Huna la kunilipa. Nakuandikia kwa sababu mheshimiwa anawajua wasichana kwa kuwahesabu, na mimi namjua mmoja kwa ndani.

Utaniambia si kila baba ni kama babu. Ni kweli. Darasani kwetu kulikuwa na Lavender. Yeye alipopata mimba baba yake alimtoa nje na nguo za shule, na hatukumwona tena, na kanisa letu halikumfuata hata hatua moja. Hiyo ni aibu yetu, na mheshimiwa akiitaja sitamfunga mdomo. Lakini msaada wa Lavender ulikuwa ni kumtafutia mtu mzima mmoja wa kusimama naye, shangazi, mwalimu, mama yeyote. Mswada haumtafutii mtu. Unampa karatasi na kalamu, halafu unatuambia huo ndio uhuru. Lavender alikuwa mmoja katika darasa. Mswada huu unatufanya wote tuwe Lavender, peke yetu mbele ya meza ya mtu tusiyemjua.

Watu hawa, Edna, wanakuja na ndoto nzuri, lakini wakimwona mzazi, au mchungaji, au shangazi mwenye maneno mengi, wanaona kizuizi. Wanataka kila mtu asimame mwenyewe mbele ya serikali. Mimi nimesimama mwenyewe. Nimefanya kazi katika nyumba ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua jina la mama yangu. Sheria ilikuwepo, namba ya kupiga ilikuwepo, imebandikwa ukutani. Lakini ukiugua, huiugulii namba ya simu.

Babu yako alifariki nikiwa katika nyumba hiyo. Ilikuwa Ramadhani, wageni kila jioni, sufuria kubwa kubwa. Madam alinionea huruma, akanipa tende, akasema nisubiri Idi ipite. Nilimzika kwenye simu, nimeegemea mashine ya kufulia, picha inakwama udongo ukiwa bado hewani. Tulikuwa tumeanza kusalimiana tena, salamu tu, habari ya mvua. Nilipanga nikirudi likizo nimuulize kwa nini hakurudi kwenye kiti chake. Nilikuwa hata nimechagua siku, Jumapili baada ya chai. Swali hilo ninalo bado.

Sikukatazi kwenda. Nikikukataza utaenda, kama nilivyokatazwa mimi nikaja. Nenda, fanya kazi, sikiliza watu wanaojua kuliko mimi. Na kama ukishasikiliza bado unaona mheshimiwa yuko sawa, iambie kamati hivyo kwa kinywa chako mwenyewe. Fikra zako ni zako, nami nitabishana nawe kwenye simu kama kawaida. Lakini babu si wako peke yako wa kumtoa. Ukimtaja akisoma, umtaje na akishuka. Kama muda waliokupa hautoshi yote mawili, usimtaje kabisa. Wakikuambia ufupishe, rudi ukakae. Hilo siombi, Edna, nakuambia.

Nikiwa mkweli, naogopa utafupisha. Una miaka kumi na tisa, kutakuwa na kamera, na makofi ni matamu, nayajua ladha yake. Mswada wenyewe utapita au utakwama bila kuniuliza. Sisi huku hata mbunge hatumpigii kura, tunaitiwa pilau tu. Si huo unaonikosesha raha. Kinachonikosesha raha ni kwamba siku moja, ukiwa umechoka kama nilivyo leo, utakumbuka ulichokikata, na mtu wa kumwomba msamaha hatakuwepo. Sipendi ukijue kitu hicho. Mimi ninakijua kwa sisi wote wawili.

Nasikia mifuko kwenye korido, wenzangu wamerudi. Acha nimalize.

Umekua ukikaa benchi la nyuma kila Jumapili kando ya nyanya yako. Ukiwa mdogo ulikuwa unalia, unataka mbele kwa watoto wenzako uione kwaya, naye anakushika sketi. Ulidhani ni mgongo, na mimi nilikuacha udhani hivyo. Jumapili hii atakaa pale peke yake. Babu hayupo, mimi niko huku, wewe utakuwa Nairobi. Asubuhi nilimwomba asogee, akae mbele na wamama wenzake, asibaki huko nyuma kama mtu aliyesahauliwa. Nilimbembeleza kabisa, Edna.

Akaniambia niache kumaliza pesa za simu, mgongo wake unataka ukuta.

Mama yako,
Beatrice